Jina la Mzee Mihayo Kwenye Mizani

Kama humjui Wilhelmina Kashindye, ni mpwa wangu, na ukaidi wake kautoa kwangu. Akili ya kompyuta nayo ningempa, ila mimi shule niliishia darasa la sita, nikaona inanitosha. Utotoni kule Kisesa, ng'ombe mmoja akipotea, binti huyo harudi nyumbani na waliobaki. Atamtafuta mpaka ampate.

Sasa ni fundi wa kompyuta kwenye kiwanda cha sangara ninakopeleka barafu kwa lori. Kuna seva pale, kompyuta kuu inayotunza majina ya wafanyakazi wote. Kompyuta za mizani zikitaka kumtambua mtu, huiuliza: huyu ni wetu? Wiki ile maswali yakaizidi seva. Ikiduwaa, mizani inasimama, sangara wanalegea.

Bosi wake, Venant, akamwambia mbele yangu, "Mizani ikisimama leo tena, naita mafundi wa Dar, na wewe utafute kazi pengine."

"Izime uiwashe," nikamshauri mpwa wangu. "Redio yangu nikiipiga kofi inaimba."

"Nimeizima mpaka nimechoka, mjomba. Nataka kujua anayeiuliza anauliza nini."

Akakaa mbele ya skrini, maswali yanamiminika kama dagaa. Akashika kichwa. Yote yalikuwa ya mtu mmoja: Mihayo. Mzee Mihayo alikuwa mpima samaki. Alipostaafu, Wilhelmina akalifuta jina lake kwenye seva. Kumbe mizani bado inalitumia. Inamuulizia, inajibiwa hayupo, risiti inaitoa hivyo hivyo, haikumbuki jibu, inauliza tena, maelfu kwa maelfu.

Akamshukia Paulo, mpimaji mpya. "Kwa nini unapima kwa jina la mzee?"

"Dada, wavuvi wa visiwani hawapokei risiti isiyo na Mihayo. Wanasema mimi bado mgeni."

"Basi mrudishe mzee kwenye seva, yaishe!" nikasema.

"Mtu yuko kwake Buswelu anafuga kuku, risiti iseme kapima samaki hapa? Huo uongo, mjomba, mimi siuandiki."

Akaweka jina la Paulo kwenye kila mizani, akazipangia kompyuta zikumbuke jibu zikishajibiwa. Seva ikatulia. Nikaanza kutamba, na boti zikafika.

Odongo, mvuvi wa kwanza, akatazama risiti. "Paulo ndiye nani? Nirudishieni samaki wangu."

Wenzake nao wakagoma. Mizani nzima, samaki hakuna. Venant akatoa simu awapigie wa Dar.

"Mjomba, lori lina mafuta?" Wilhelmina akauliza. "Twende Buswelu."

Niliendesha siku hiyo, wewe! Kuku wa Mzee Mihayo walitawanyika. "Shikamoo, mzee. Panda, tutaongea njiani," mpwa wangu akamwambia, na njiani akamweleza yote.

Pale kwenye mizani, mzee akamwinua sangara wa Odongo kwa mikono, akataja uzito. Paulo akampima. Ikawa vilevile.

"Mimi nimepumzika," mzee akawaambia. "Huyu nimemfundisha mwenyewe. Mkimkataa, mnanikataa mimi."

Odongo akaguna. "Akinipunja, nakuja kwako kula kuku mpaka wa mbegu."

"Karibu. Maji ya kuchemshia uje nayo."

Wakacheka, Odongo akaikunja risiti ya Paulo akaitia mfukoni. Wengine wakajipanga. Boti ya mwisho ilipopakuliwa, mizani haikuwa imesimama hata kidogo.

"Bosi, na wale wa Dar?" nikamchokoza Venant.

"Nilikuwa nawasalimia tu," akasema, akamgeukia Wilhelmina. "Kesho uwahi. Kompyuta ya ofisini kwangu nayo inasumbua."