Kocha wa Kinondoni na Sista wa Temeke

Mke wangu alipopata ujauzito wa mtoto wetu wa kwanza alinikalisha kitandani, kwa kuwa chumba chetu cha Tandika hakikuwa na kiti, akaniambia, "Mie sikuzuii kuondoka. Nataka tu nijue, nikipika, nampikia nani."

Hakunisingizia. Tangu nilipoacha shule darasa la sita sikuwahi kumaliza mwaka mahali pamoja. Nilipakia pamba Shinyanga, nikaosha masufuria ya hoteli Mbeya, nikachimba visima, nikauza miwani ya jua miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila kitu kikawa kinauzwa kando ya barabara. Watu waliniona mtu wa kupenda kuona, na ni kweli. Hata leo nikifungiwa maandazi kwenye gazeti, nalisoma gazeti kwanza. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Kila nilipoanza kuzoea mahali, kifua kilinibana. Mikono ilikufa ganzi, moyo ukapiga kwa fujo, nami nikawa na hakika kwamba nakufa palepale nilipo. Dawa niliyoijua ilikuwa kupanda lori. Gari likishaondoka, kifua kinafunguka.

Wakati huo nilikuwa kibarua wa zege Tegeta, ambako nyumba mpya zilikuwa zinaota katikati ya minazi na vichaka. Jioni nilishuka Ubungo kubadilisha gari, na pale malori ya bara yalikuwa yamesimama, utingo wakipiga mluzi. Siku chache baada ya maneno ya mke wangu nilijikuta nimeshika bomba la lori la Dodoma, mguu mmoja uko juu. Nikaushusha. Nilitembea kutoka pale nikiwa najiogopa. Huyo mtoto hakuwa amezaliwa, na mimi nilikuwa nimeshaanza kumkimbia.

Kibarua mwenzangu alinipeleka Kinondoni kwa kocha wa ngumi. Mzee huyu alikuwa akifundisha timu ya kiwanda cha umma. Kiwanda kilipofungwa alibaki na mifuko yake ya mchanga, akaitundika nyuma ya gereji. Watu waliopunguzwa kazini wakaanza kumfuata, wengine hawajawahi kurusha ngumi maishani. Aliwaamsha alfajiri, akawakimbiza, kisha akamuuliza kila mmoja leo anafanya nini. Mmoja alianza kuuza mitumba kwa kusukumwa naye, mwingine akafungua kibanda cha kuchomelea vyuma.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Hapa huulizwi ulikotoka. Unataka nini?"

"Nataka kukaa nyumbani."

Vijana waliokuwa wanafunga bandeji walicheka. "Kocha, mwenzetu huyu ubingwa wake ni wa kukaa kitandani!"

"Nyamazeni," kocha alisema. "Hiyo kazi imewashinda baba zenu wangapi?"

Akanipa jina la Abiria na mazoezi ya aina mbili. Asubuhi kukimbia na kuruka kamba. Jioni kumwambia mke wangu kesho nitafanya nini, kisha kukifanya. Nilimwambia nitamwomba fundi anifundishe kupiga plasta, nikamwomba, akakubali. Nilimwambia nitanunua kiti, nikanunua. Kila nilipofika gereji kocha alipaza sauti, "Abiria! Bado upo Dar?" nami nikajibu, "Nipo, kocha," na wote wakapiga makofi. Sikuwahi kupigiwa makofi kabla ya hapo. Nilimpenda mzee yule, na bado nampenda.

Ila kadiri mambo yalivyonyooka, ndivyo kifua kilivyozidi kubana. Plasta nikaijua, kiti kikawepo, tumbo la mke wangu likakua, na kile kitu kikaanza kuja kila siku. Asubuhi moja kilinikuta katikati ya kamba. Nilishika ukuta wa gereji. Kocha aliniwekea kiganja mgongoni, akatulia kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo.

"Pumzi hii si ya uchovu," alisema polepole. "Uchovu mie naujua, na woga wa ulingoni naujua. Hii siijui, braza. Nikiendelea kukusukuma nitakuumiza."

Akanieleza kwamba kuna zahanati Temeke, na kila Jumanne anakuja sista wa magonjwa ya akili.

"Kwa vichaa?"

"Bondia akipasuka jicho, mimi simshoni. Nampeleka kwa mwenye sindano. Nenda."

Nilikaa na neno hilo zaidi ya nilivyopaswa. Kwa kocha watu waliniona nikikimbia, wakaniheshimu. Kwenye benchi la Jumanne, yeyote wa Tandika angepita na kuniona nimekaa na watu wanaozungumza peke yao. Nilimwambia mke wangu kwamba sijui nichague lipi, nijikaze kwa kocha au niende kwa sista. Alikuwa anachambua mchele. "Chagua unalotaka," alisema, "ila uchague ukiwa humu ndani, usije ukachagulia Dodoma."

Jumanne nikaenda. Sista alikuwa mama wa makamo, mwenye lafudhi ya bara, viatu vyake vya kazi amevivua chini ya meza.

"Shikamoo."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Mama watoto?"

"Hajambo kabisa."

"Usingizi unapata?"

"Napata, namshukuru Mungu."

"Mwili?"

"Salama tu."

Alinitazama, akatazama foleni iliyokuwa mlangoni, akanitazama tena. Kisha akasema kama ni hivyo basi hali yangu inaridhisha, nije nikijisikia vibaya. Nikashukuru na kutoka. Njiani nilijisikia kama mtu aliyefaulu mtihani.

"Amesemaje?" mke wangu aliuliza.

"Amesema mzima."

"Amesema, au umemwambia?"

Nikainama kuvua viatu. Alicheka hadi akashika tumbo, kisha hakucheka tena. Sisi ndivyo tulivyolelewa. Hata mwenye msiba hujibu nzuri kwanza, ndipo aseme amefiwa na nani. Mimi nilisema nzuri, na sehemu ya pili sikuifikia.

Jumanne iliyofuata mke wangu alinisindikiza, akakaa nje akila ubuyu. Sista alinisalimu vilevile, nami nikajibu vilevile, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kumjibu mkubwa. Tulipofika kwenye salama tu, aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Haya, salamu tumemaliza. Mkeo amenieleza hapo nje kwamba kifua kinakubana, na kwamba wewe ni bingwa wa salamu. Sasa nieleze. Kilianza lini?"

Kocha hakuwahi kuniuliza swali hilo. Mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza, na najiuliza kila kitu. Nilitaka kusema sijui. Badala yake nikaanza kumweleza kuhusu asubuhi aliyofariki mama yangu, mimi nikiwa darasa la sita, ndani ya chumba tulicholala wawili. Wakubwa walionelea mtoto asibaki kwenye kilio. Kabla ya mazishi walinipakia kwenye lori la mjomba kwenda mji mwingine. Kila niliyemkuta njiani aliniuliza hujambo, nikajibu sijambo. Na lori lilipoondoka, kifua kikafunguka.

Nilipoisikia sentensi hiyo kwa sauti yangu mwenyewe, nililia. Sista hakuniambia nijikaze. Alinisogezea kitambaa cha kufutia meza, akaomba radhi kwamba hakuna kingine.

Niliendelea kwenda Jumanne zake. Alinifundisha kukaa na kile kitu kikija, kuhesabu pumzi, kukitazama kinavyopanda na kinavyoshuka, maana kumbe hushuka chenyewe hata bila lori. Kazi nyingine ilikuwa ngumu zaidi: alinituma kwenda kwenye kaburi la mama nikazike kwa upande wangu. Nilikwenda na mke wangu, na tiketi ya kurudi nikaikata kabla ya kuondoka.

Nilimuuliza sista kama nimwache kocha. Alisema, "Pumzika kwake kwanza. Ukipona pumzi, rudi ukimbie." Nimekaa sana na mafundi magari, kwa hiyo nilielewa kwa njia yangu. Gari likilala betri, lisukume, litawaka. Likiwa breki zimeshika magurudumu, unaweza kukusanya mtaa mzima wa kusukuma na ukazidi kuliharibu. Lazima mtu aingie chini kwanza. Wote wawili walinisaidia, lakini nilianza na kocha, wakati nilipaswa kuanza na sista. Simlaumu mtu. Bila kocha nisingejua kwamba kuna pumzi isiyo ya uchovu.

Siku mke wangu alipojifungua, wanaume tulisubiri nje, kwenye ukuta mfupi wa hospitali. Kifua kilibana mchana ule kuliko siku zote. Geti lilikuwa wazi, na barabara ilionekana. Nilikaa. Kikapanda, nikakitazama, kikashuka. Kando yangu kulikuwa na mwanamume aliyekumbatia beseni lenye khanga mpya, midomo imemkauka.

"Mara ya kwanza?" nilimuuliza.

"Ya nne. Haizoeleki, bwana wee."

Nikataka kujua watoto wake ni wa umri gani, anafanya kazi gani, hilo beseni amelinunua wapi. Alikuwa ananieleza habari za kukaanga samaki muuguzi alipotokeza mlangoni na kuita, "Baba wa mtoto, yule wa Tandika, yupo?"

Tukasimama wawili, kumbe naye ni wa Tandika.