Tawi la Isale Kabla ya Safari

Nakumbuka jioni moja kule Akheri, enzi za Mwingereza, nilipomwambia babu yangu mzaa baba, "Wewe hujasoma, huwezi kuelewa." Mwanangu, ulimi hauna mfupa.

Chuo kimoja cha Wamarekani weusi kilikuwa kimepatana na shule yetu ya misheni kubadilishana watu: Mwalimu Ruthi aje atufundishe, nami niende kusoma kwao miaka mitatu. Nilivimba kichwa kabla hata ya kupanda treni. Babu akakataa, na bila baraka yake baba asingeniachia niende; ndipo nikamtolea maneno yale.

Shangazi alikuwa akimenya ndizi, akanisikia. "Vitabu umevisoma, babu yako hujamsoma. Nenda kakate isale."

Kwetu Umeru isale ni mmea wa amani; anayeombwa msamaha kwa tawi lake hana ruhusa ya kukataa. Nilipiga magoti mbele ya Babu, nikamnyoshea tawi. Alilipokea tawi, kisha akanieleza jambo nisilowahi kulisikia: kaka yake alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Mjerumani, akaahidiwa kurudi mapema.

"Nilimsindikiza mwenyewe mpaka barabarani," alisema. "Mpaka leo sijui alizikwa wapi."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi nilimcheka kwa kushtuka, nisiulize habari za nyoka. Niliona aibu, nikalia.

Kesho yake Mwalimu Ruthi, aliyekwisha kufika shuleni, alikuja kutusalimia, shikamoo yenyewe ikimpa taabu, maskini. Babu akamuuliza, "Huyu akienda kwenu, wewe utakaa wapi?"

"Hapa hapa, Babu, mpaka arudi."

Babu akashusha pumzi. "Basi utalala chumba chake." Akanitemea mate ya baraka kifuani, nami nikahisi mzigo umenitoka.

Miaka mitatu baadaye nilishuka stesheni ya Arusha. Babu alikuwa pale na koti lake la kanisani, na Mwalimu Ruthi pembeni akinitania kwa Kimeru kwamba nimekonda. Babu alinishika mikono, akaigeuza huku na huku kama anayekagua ndizi sokoni.

"Kumbe watu hurudi," akasema.

Mwanangu, mkubwa akikuzuia njia, usikimbilie kumwita mshamba. Muulize ni nani wake aliyepita hapo asirudi. Ukishamsikia, omba baraka, uende, na kurudi usisahau. Mungu akutangulie huko uendako, akurudishe mzima, na siku hiyo asikose mtu wa kukupokea.