Sahani ya Kwanza

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Kamembe, na ugonjwa wake ulikuwa kufundisha watu wasioomba kufundishwa. Kwenye kibanda chake kilichoegemea nyumba yetu alitundika kipande cha mbao alichokipaka rangi nyeusi. Kila asubuhi, kabla hajagusa kitambaa, aliandika pale jambo moja kwa chaki ya kukatia nguo. Leo neno: 'shule' tuliachiwa na Mjerumani, Mbelgiji akamfukuza mwenye neno, neno likabaki. Kesho historia: wakati wa Mbelgiji babu zetu Waswahili walipangiwa mtaa wao, na kutoka walihitaji kibali. Sikukuu zikikaribia aliandika mila. Wateja walikuja kuchukua suruali wakaondoka na somo. Mimi, binti yake mkubwa, niliona aibu tupu.

Mila aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya nyumbani kwetu. Siku ya sikukuu chakula kikiiva, sahani ya kwanza hupelekwa kwa mkubwa wa ukoo aliye hai, na kabla haijaondoka hakuna anayeonja hata punje ya wali. Mkubwa wetu alikuwa bibi, mama yake mama, aliyeishi Bukavu, nchi ya jirani, ng'ambo ya daraja la Rusizi. Niliibeba mimi, imefungwa kwa kitambaa, nikipishana darajani na wanawake wenye mabeseni ya nyanya vichwani. Ilikuwa sahani ya bati yenye ua jekundu katikati. Bibi hakuirudisha upesi. Sahani ya watu hairudi tupu, kwa hiyo alikaa nayo mpaka apate sambaza, vile visamaki vya ziwani, avikaushe, avipange ndani, ndipo airudishe.

Vita vilipoingia Bukavu, sahani ilikuwa bado kwake tangu Maulidi. Daraja likafungwa. Milio ya bunduki tuliisikia tukiwa vitandani, ikanyamaza, na baada ya hapo hatukusikia lolote. Kutoka mteremko wa Gihundwe tuliyaona mabati ya Bukavu yaking'aa, karibu hata ukadhani ukiita kwa nguvu mtu ataitika. Mama alipanda pale kila jioni, akatazama, akashuka. Baba hakuthubutu kwenda kuuliza mpakani. Alizaliwa ng'ambo, na siku zile Kiswahili chetu peke yake kilitosha kumfanya mtu aulizwe ametoka wapi na anamtafuta nani. Tulikaa nyumbani kama kuku kwenye tenga.

Ramadhani ikaja, ikaisha, na daraja bado. Asubuhi ya Idi, kwa mazoea tu, baba aliandika: "Sahani ya kwanza ni ya mkubwa aliye hai. Akifa, inamwendea anayemfuata."

Mama alitoka kumwaga maji, akausoma ubao. Anayefuata alikuwa yeye. Alifuta yote kwa ncha ya kitenge chake kipya, na ile chaki akashinda nayo kwenye nguo.

Pilau ikaiva. Mama akaifunika, akakaa kwenye kigoda mbele ya sufuria.

"Maman, batoto beko na njala," baba akamwambia mama. "Pakua. Ya kwanza chukua weye."

"Nikichukua ile sahani, nimemuzika mama yangu. Weye ulimuona amekufa?"

"Sikumuona."

"Basi iko muzima."

Tukakaa na nguo zetu mpya, harufu ya pilau ikituzunguka. Wadogo zangu wawili walilia. Watu husema mwenye njaa hana miiko, lakini mama alikuwa nayo kwa niaba yetu sote. Nilimkasirikia mama, nikaikasirikia mila, nikamkasirikia na baba aliyeiandika ubaoni kana kwamba hatuijui. Daraja nililichukia kuliko wote.

Mwishowe baba alichukua sahani nyingine, akapakua mwenyewe, akaifunga kwa kitambaa, akaniambia, "Twende." Mpakani askari mmoja alitusimamisha kabla hatujafika kwenye kizuizi.

"Mzee, mpaka umefungwa."

"Mimi sivuki, afande. Inavuka sahani."

Askari aliifunua, akaona nyama na wali. Hakucheka. "Hata sahani haivuki, mzee. Rudi nyumbani. Idi njema."

Baba alisimama akiitazama ng'ambo kwa muda, kisha akamshukuru. Njiani hakunifundisha chochote, jambo lililonitisha kuliko yule askari. Tulipofika alimwambia mama, "Imetumwa. Kufika si kazi yetu."

Mama alifikiri, akakubali, akatupakulia. Yeye hakula. Sahani tuliyorudi nayo aliiweka dirishani upande wa ziwa, pilau ikakaa pale mpaka ikachacha, tukawamwagia kuku.

Mpaka ulipofunguliwa, kabla sisi hatujajiandaa kuvuka, jirani wa bibi alibisha hodi. Mkononi alikuwa na sahani yenye ua jekundu. Ndani yake zilipangwa sambaza kavu.

"Maman, pole," alimwambia mama. "Bibi alituacha juma lile balianza kupiga masasi. Aliniambia hii sahani isirudi bure."

Tulielewa sote, hata wadogo. Ile siku ya Idi, mama alipokuwa anailinda sufuria, sahani ya kwanza ilikuwa yake tayari. Baba alichukua chaki, akaishika, akairudisha mfukoni. Ubao ulikaa mweusi siku ile.

Mama alimkaribisha mgeni kiti. Akawasha jiko, akakaanga sambaza zote na nyanya, akasonga ugali, akapakua. Sahani ya kwanza, ile yenye ua, aliiweka mbele yake mwenyewe. Alikula akilia, bila haraka, mpaka ua likaonekana, na hakuna aliyegusa chakula kabla hajamaliza.