Mkono wa Inchi Moja na Robo

Yule fundi wa Kinoo hakunipenda, na mimi sikumpenda. Alinichukua kwa sababu nilijua kupaka rangi. Nilikaa kwa sababu karakana yake ilijaa vyuma nisivyovielewa, na kila nilichouliza kilimkera.

"Wewe ni fundi ama ni polisi?" alizoea kuniambia.

Jumamosi moja asubuhi lori lilishusha karavani mbele yetu, nyumba ndogo ya magurudumu yenye uzito wa tani moja na nusu. Mwenyewe alifika nyuma yake na gari la familia, mke na watoto wawili ndani. Alitaka kuivuta hadi Naivasha siku hiyo hiyo. Nyuma ya gari kulikuwa na shimo la mraba la kuingiza mkono wa chuma unaobeba trela. Mkono wenyewe hakuwa nao.

Fundi alikuwa na mmoja wa inchi moja na robo. Shimo lilikuwa la inchi mbili. Lakini kwa mafundi wa pale, kumwambia mteja "sina" ni aibu kuliko kuharibu kazi, na kisichotosha hujazwa. Akauzungushia vipande vya bamba, akachomelea, akasaga hadi ukajaa shimo. Kwa macho ulikuwa wa inchi mbili kabisa. Akanitupia nipake rangi.

Nilipoupiga msasa niliona maandishi yaliyogongwa karibu na kichwa chake: kilo mia tisa, mwisho wa mzigo wake. Nikamwonyesha. Nikamwambia bamba ni nguo tu, mfupa ni uleule, na kwenye mteremko wa Mai Mahiu, njia ya Naivasha, karavani ndiyo itakayosukuma gari.

"Umemaliza hotuba?"

"Itakatika."

"Darasa la saba ilikushinda, leo umekuwa injinia. Paka!"

Nikapaka. Hilo silifichi. Namba ikapotea chini ya rangi nyeusi, mkono ukaingizwa, karavani ikafungwa. Kisha nikamwona yule mama akiwafunga watoto mikanda. Nikachukua bisibisi nikakwangua rangi juu ya namba.

"Mzee, soma hapa kabla hujatoka."

Mwenye gari aliinama, akasoma, akamgeukia fundi. "Hii ni nini?"

"Huyo ni mlevi, boss. Achana na yeye."

"Nimeuliza hii namba ni ya nini!"

Fundi akaanza kupanga spana zake. Mteja akanigeukia mimi.

"Na wewe ulipaka ukiwa umeisoma?"

"Ndiyo."

"Basi nyinyi wote ni washenzi. Ingia kwa gari."

Karavani ikafunguliwa, mkewe na watoto wakashuka kuilinda, sisi tukateremka mjini hadi maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road kutafuta mkono mwingine. Muuzaji wa kwanza alipima shimo kwa nje, akaleta mkono wa inchi mbili na nusu. Nikatia tepu ndani ya shimo: mbili. Akanitukana, akaenda kuleta mwingine. Huo nilisoma maandishi yake kabla ya kuuingiza: tani mbili na nusu.

Tuliporudi Kinoo, begi langu lilikuwa limetupwa kando ya barabara na fundi amesimama mlangoni na nyundo. Nikafunga karavani hapo hapo nje. Mwenye gari aliutikisa mkono mara tatu, akapiga teke pini inayoushikilia. Nikataka kukagua minyororo ya usalama mara ya pili.

"Toka njiani," akasema.

Nikatoka, wakaondoka.