Kung'oa Migomba Kisiwani

Mjukuu wangu aliletwa kwangu Ihanda mguu ukiwa kwenye plasta. Bodaboda ilimwangusha akitoka Kituntu, barabara ikiwa imeteleza kwa mvua, na mama yake, ambaye kazi yake iko Bukoba, akasema heri akauguzwe kwa bibi, kuna chakula na hewa. Hewa ilikuwepo. Chakula nacho wakati huo bado kilikuwepo.

Nilitegemea kwamba msichana mkubwa, aliyekwishamaliza shule, angalau atamenya ndizi akiwa amekaa. Alimenya. Lakini mikono ikishamaliza kumenya ilirudi kwenye simu. Nikadhani anaandikiana na mwanamume.

"Huyo bwana hana kazi?" nikamuuliza. "Mbona anapatikana mchana kutwa?"

Akacheka. "Bibi, siyo bwana. Ni kisiwa."

"Kisiwa gani?"

"Changu. Njoo uone."

Sikwenda. Nilikuwa na maharage ya kupepeta. Mimi kucheza sikujui. Nilitolewa shule mapema nikalee wadogo zangu, na tangu hapo mtu akiniambia cheza naona kama ananitukana.

Nilichungulia mwenyewe mchana mmoja wa mvua. Alikuwa amelala baada ya kumeza dawa, simu iko kifuani pake inaimba wimbo ule ule, taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto asiye wake. Nikaona kijumba, maji pande zote, miti, na bata mnene amevaa miwani. Bata akanitazama. Nikamgusa. Akapunga bawa, na maneno ya Kiingereza yakatokea chini yake. Nikamwamsha mwenye simu.

"Anasemaje huyu?"

"Anakusalimia, Bibi. Anauliza umelalaje."

"Mwambie mvua imeingia jikoni."

"Haambiwi. Unabonyeza hapa tu, anafurahi."

"Anafurahia nini na sijamjibu?"

Ndivyo nilivyoanza. Kule unaamka, unasalimia wanyama wanaokaa na wewe, unavua samaki, unapanda mti, unatikisa matunda, siku imekwisha. Hakuna anayekufukuza wala anayekudai. Mjukuu alisema watu wa mjini wanaucheza mchezo huo ili kupumzika. Mimi sikuwa nimechoka. Nilikuwa na kitu nyuma ya nyumba ambacho sikutaka kukitazama, na simu ilinipa pa kuweka macho.

Kitu chenyewe ni hiki. Mume wangu alifariki mwaka jana. Tulimzika kibanjani, katikati ya migomba inayozunguka nyumba, kando ya mtoto wetu wa kwanza. Matanga yalipoanuliwa, mdogo wake, shemeji yangu, ambaye kibanja chake kinapakana na changu kwa chini, alileta mche wa mgomba kutoka kwenye shina la baba yao. Kwenye ukoo wao ndivyo ilivyo: mwanamume akizikwa, mche wa migomba ya baba yake unapandwa kichwani pake. Mche huo haukaguliwi. Huwezi kupewa mche wa marehemu ukaanza kuugeuzageuza kama unanunua sokoni. Niliupokea kwa mikono miwili, nikaupanda nalia.

Siku hiyo hiyo wazee wa ukoo walisema mbele ya watu wote: mama abaki, kibanja ni chake kukitunza. Kikimshinda, kitarudi kwa ukoo.

Mche ulikuwa umenifikia kifuani ulipoanza kulegeza majani. Nikadhani jua. Nikakata yale majani kwa panga, na kwa panga lile lile nikaendelea kusafisha migomba mingine kama nilivyozoea. Baadaye mgomba wa nshakara, ndizi yetu ya kupika, uliokuwa na mkungu mkubwa ukageuka manjano ndizi zikiwa changa. Nilipoikata moja, ndani ilikuwa imeoza, rangi ya tumbaku. Nilifahamu ni nini. Tulikuwa tumesikia habari za mnyauko wa migomba kutoka Rugera, na watu wa Kyerwa walikuwa wanapita wakisimulia jinsi walivyofyeka kila kitu. Nilifunika ile ndizi kwa nyasi za kutandazia, nikarudi ndani, nikamwambia mjukuu anipe simu.

Kwa hiyo nililima kisiwani. Kulikuwa na mti unaofanana na mgomba, ingawa ulizaa ndizi tatutatu tu, kama wa mgonjwa. Nikauliza kama samadi ipo. Haipo. Nikaondoa maua yote ya mjukuu, nikapanda migomba kuanzia mlangoni kwenda nje, ile ya kupika karibu na nyumba, ya pombe mbali.

"Bibi, umeniharibia bustani!"

"Mtu anakula maua?"

"Hata wageni hawawezi kupita sasa. Tazama, bata amekwama."

"Apite kwa nyuma. Kwani haoni kwamba ni kibanja?"

Siku nyingine nilizunguka kisiwa kizima, nikakosa kitu, sikujua ni nini mpaka usiku ule nikiwa kitandani. Asubuhi nikamuuliza, "Hawa wanazikana wapi?"

"Nani, Bibi?"

"Hawa bata na mbuzi wako. Sijaona kaburi."

"Hawafi, Bibi."

"Basi hapo si kwa mtu. Hapo ni hotelini."

Nikachukua mawe yaliyokuwa ufukweni, nikayapanga nyuma ya kile kijumba, safu mbili, ndefu na fupi. Mjukuu alitaka kucheka, kisha akaona mawe yana urefu gani. Akanisogezea kikombe cha chai.

Bwana shamba wa kata alikuja bila kuitwa na mimi. Nadhani mjukuu ndiye aliyempigia, na sijamuuliza. Kijana mpole, viatu vimejaa tope. Alikata shina la mgomba mmoja na kunionyesha: ute wa manjano ukatoka taratibu kama usaha kwenye jipu.

"Shikamoo mama. Pole sana. Hii ni yote."

"Yote namna gani? Ile ya pale haijaugua."

"Haijaonyesha. Ukiacha mmoja, unajisumbua bure. Ng'oa mpaka visiki, katakata, acha vioze hapo hapo, usimpe mbuzi. Panga lipitishe motoni. Panda maharage, panda viazi. Migomba utairudisha baadaye, kwa miche safi."

"Na ya makaburini?"

Akatazama chini. "Hiyo ndiyo ya kwanza, mama."

Mtu wa kwingine huenda asielewe. Kaburi la kwetu liko kwenye kivuli. Ukiliacha juani, peupe, mtu anayepita njiani anajua kuna wenyewe waliokufa na wenyewe walioshindwa. Na mimi nilikuwa nimeambiwa mbele ya watu neno hilo, kushindwa.

Shemeji alifika jioni ile ile, habari zilikuwa zimemfikia. Hakuketi.

"Shemeji, nasikia kibanja kimekushinda."

"Umesikia wapi? Mimi sijasikia."

"Bwana shamba anatembea na mdomo."

"Basi atembee nao mpaka kwako."

Akacheka kidogo, si kicheko cha furaha. "Nikipanda mikaratusi hapa, hutakosa kuni. Siwezi kukufukuza. Utakaa ndani ya nyumba."

"Nitakaa ndani ya nyumba nikitazama mikaratusi yako inavyomnyonya maji kaka yako."

Akaondoka. Mjukuu alikuwa mlangoni na magongo yake, uso umemvimba kwa hasira. Nikamwambia aache, hayo ni maneno ya wakubwa.

Siku iliyofuata sikugusa panga. Nilikaa kwenye mkeka, nikamwambia mjukuu kwa utani wetu, "Mke mwenza, nionyeshe namna ya kung'oa."

"Kung'oa nini?"

"Migomba ya kisiwani."

"Bibi, kwa nini? Umeipanda wiki nzima!"

"Nataka kuona patakavyokuwa."

Akanionyesha. Unashika jembe, unasimama mbele ya mti, unagonga, mti unaruka wote na mizizi yake, unaingia mfukoni. Mfuko haujai. Hakuna ute wala harufu. Niling'oa kuanzia mlangoni kwenda nje. Nilipofika kwenye yale mawe nikasimama, mjukuu akasema kwa sauti ndogo, "Niendelee mimi?" Nikasema hapana. Nikang'oa na ya hapo.

Palikuwa peupe kama kiganja. Kile kijumba kilionekana kidogo, kimesimama chenyewe na maji pande zote, mawe yangu nyuma yake, jua linayapiga. Bata akaja mbio, akapunga bawa.

"Anasemaje?"

Mjukuu hakutaka kusema. "Anasema leo ni siku nzuri sana."

"Mjinga huyu."

"Bibi, ukitaka unaweza kuirudisha sasa hivi. Iko yote mfukoni."

Nikamrudishia simu. Nilichotaka kuona nilikuwa nimekiona: nyumba ilikuwa bado imesimama. Kesho yake asubuhi niliwasha moto nje, nikapitisha panga, nikaanza na ule mche wa kichwani kwa mume wangu.

Sitaki kueleza sana kazi ile. Mgomba unaonekana kama kitu laini mpaka uutafute kisiki chake. Niliweka vibarua wawili kwa makubaliano ya kuwalisha, na mjukuu alikaa kwenye kigoda akilinda moto na kupitisha mapanga, machozi yanamtoka akisema ni moshi. Migomba mingine ilianguka na mikungu yake, ndizi nzuri kwa macho, ukikata ndani ni uozo. Hakuna kilichoingia mfukoni mwa mtu. Kililala pale pale tulipokiangusha, na baada ya siku chache harufu ilifika barabarani.

Wazee wa ukoo wakaja. Niliwawekea benchi nje, maana kivuli cha kuwakalisha hakikuwepo tena. Hapakuwa na pombe ya lubisi ya kuwapa, ndizi za kukamulia zimeoza chini. Niliwapa uji wa mtama, wakaushika mkononi kama dawa.

Shemeji ndiye aliyeanza. "Tulisema kikimshinda. Sina maneno mengi. Wote mna macho."

Mzee wao akanigeukia. "Mama, wewe unasemaje?"

Nilikuwa nimefikiri sana kama nitasema. Mche ule uliletwa kwa heshima. Kusema ulikuwa mbaya ni kama kumtemea mate marehemu, na baba yake pia. Lakini mtu anayetaka kukutoa mahali ulipozika mume na mtoto, unamfichia nini?

"Nasema ugonjwa huu uliingia kwa mche wa kichwani kwa marehemu. Aliyeuleta ni huyu."

Shemeji akasimama. "Unataka kusema nimemwua kaka yangu mara ya pili?"

"Nasema mche ulikuwa mgonjwa. Wewe hukujua, na mimi sikuukagua, maana haukaguliwi. Sasa twende kwako tukatazame migomba ya baba yenu. Ikiwa mizima, nafunga mizigo."

Mzee akaweka kikombe chini. "Twende?"

Shemeji alikuwa anakwangua tope kwenye buti lake kwa kijiti, anakwangua mahali pasipo na tope. Kisha akasema bila kuinua uso, "Hata kwangu inaugua. Tangu kabla ya Krismasi."

"Na ulikuwa unangoja nini?" mzee akauliza.

"Nilisema labda itapona."

Hakuna aliyemcheka. Kila mmoja pale nadhani alikuwa anahesabu migomba yake moyoni. Wakakata shauri: kibanja changu kibaki changu, na shina la baba yao ling'olewe wiki hiyo hiyo kabla halijamaliza ukoo mzima. Wakaondoka bila kuaga vizuri.

Mjukuu akanirukia shingoni na gongo moja. "Bibi, umewaweza!"

"Keti chini," nikamwambia. "Utavunja na huo mwingine."

Shemeji aling'oa. Nilisikia panga lake siku nzima, na siku iliyofuata sikulisikia, nikajua amefika kwenye makaburi ya wazazi wake. Sikwenda kumsaidia, wala hakuniita. Mke wake alipita kuomba moto wa kupitishia mapanga, kuni zake zilikuwa mbichi. Nikampa. Tulitazama mahali pengine.

Plasta ilipotolewa mjukuu alirudi kwa mama yake. Alitaka kuniachia ile simu, akasema atapata nyingine. Nikakataa. Yule bata angenisalimia kila asubuhi kwa furaha ile ile, na mimi siku hizi sina subira na mtu asiyeuliza jambo.

Nimepanda maharage mpaka kwenye makaburi. Yameota vizuri. Tangu niolewe sikuwahi kuona mlango wa shemeji nikiwa mlangoni kwangu. Tulijuana kwa sauti, migomba yake na yangu ilikuwa katikati. Sasa naona mlango, naona kuku wake, naona anavyokaa kwenye kizingiti jioni mikono ikiwa magotini. Na yeye ananiona. Nikitoka kumwaga maji anainua kichwa. Ni mbali kidogo kwa mtu kusalimia bila kupaza sauti, na hakuna kati yetu aliyeipaza.