Goti Langu Nililipa Tisa

Nilianguka kutoka juu ya lori la viazi pale Uyole, nikavunjika karibu na goti. Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa umekakamaa, haukunjiki. Pale hospitali wakanipeleka kwa daktari wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mpole anayeongea haraka. Alisema goti lisipokunjika vizuri, sitaweza kuchuchumaa shambani wala kupakia magari tena. Mimi kazi nyingine sina.

Alikuwa na rula ya plastiki ya vipande viwili vilivyoungwa katikati. Aliiweka ubavuni mwa goti, akasoma pembe, akaandika kwenye kadi: nyuzi arobaini. Kisha akauliza, "Leo goti ni ngapi, mdogo wangu? Kuanzia sifuri mpaka kumi, kumi ndiyo ya juu kabisa."

Shuleni, kumi kwa kumi niliipata mara moja, kwenye imla, darasa la tatu. Sifuri nilizipata nyingi. Niliona aibu kujipa sifuri mbele yake, na nikijipa kumi ataona najisifu.

"Tisa," nikasema.

"Pole sana." Akalegeza mikono alipokuwa akilikunja goti. Nikajua amependa bidii yangu.

Ikawa hivyo kila Jumanne, wiki saba. Nasema tisa, ananipa pole, analegeza. Rula ikafika hamsini na tano, ikagoma hapo.

Jumanne ya saba, mama mmoja aliyekuja kunyooshwa bega alinigeukia. "We mwanangu, tisa gani hiyo unaisema unatabasamu? Mimi maumivu yakifika tisa namwita marehemu mama yangu!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, halafu nikaelewa. Walikuwa wanahesabu maumivu. Yangu hayakuwahi kuzidi tatu.

Wiki iliyofuata nilikuja nimeyapanga maneno ya kumweleza. Akapima: hamsini na tano. Akauliza ngapi.

"Tatu," nikasema, nikangoja aniulize imekuwaje.

"Afadhali, maumivu yamepungua." Aliitazama kadi, zile tisa zimejipanga kuanzia juu mpaka chini. "Ila goti limeshakaza. Inabidi nikuandikie uende kwa madaktari wa upasuaji. Tungelikunja kwa nguvu mapema, lakini ulikuwa unaumwa mno. Si kosa lako, mdogo wangu."

Nilifungua mdomo. Yeye alikuwa ameshainama anaandika.

"Asante, daktari," nikasema, nikaipokea barua kwa mikono miwili.