Mama Kibano Avunja Mwiko wa Mafundi

Katika jengo la mafundi, ghorofa ya pili, kuna mwiko ambao haujaandikwa popote lakini hata mfagiaji anaujua: fundi hagusi mashine ya mtu wa nyumbani kwake. Simu ya mkeo ikizima, mpe jirani. Redio ya baba mkwe ikikoroma, mpe jirani. Mkono wa fundi, wanasema, hautetemeki mpaka ujue ni nani atakayelia.

Mama Kibano aliushika mwiko huo miaka yote. Jina alilipata kwa kile kibano chake chembamba kama mdomo wa chiriku, ambacho hakimtoki mkononi. Akiwaza, hujikunia nacho kichwa. Zamani alikuwa akiuza chaja mlangoni mwa jengo hilohilo. Mumewe alipofariki, akaanza kuokota bodi za kompyuta zilizotupwa na mafundi, akizichoma kwa bunduki ya hewa moto ili ajue chipu hung'okaje. Alichoma, akachoma, mpaka majirani wakamshauri afungue jiko kabisa. Leo mambo ni mengine. Ziko kompyuta ambazo memori yake imechomelewa palepale kwenye bodi, haina nafasi ya kuchomeka nyingine. Mwenye nayo huambiwa kila mahali, "Hii haiongezeki, nunua mpya." Akifika kwenye jengo hili, anaelekezwa ghorofa ya pili. Wengine wote wanabadili vioo, betri na kibodi. Memori ni yeye tu.

Basi hapo ndipo mwiko ulipombana. Kompyuta iliyokuwa mezani asubuhi hiyo ilikuwa ya kitinda mimba wake, binti mchoraji wa majengo. Binti alikuwa amechora zahanati nzima, na kesho yake alitakiwa kusimama mbele ya wahandisi, aizungushe kwenye skrini waione ndani na nje. Lakini mashine ilikuwa na giga nne tu. Ukiufungua ule mchoro, inaganda kama nta. Mashine nyingine hana. Hii ikiungua, kesho ataenda na mikono mitupu, na kazi atapewa mwingine.

"Mpe jirani," alisema Kipara, fundi vioo wa meza ya pili, mtani wake wa siku nyingi.

"Jirani gani, wewe? Wewe uliyetafuta miwani tangu asubuhi, na iko usoni?"

Kipara akajipapasa. Kweli, ilikuwa usoni.

Feni ikazimwa, maana upepo na bodi iliyo wazi havipatani. Mama Kibano akainamia hadubini. Huko chini bodi ni mji mzima: barabara za shaba, maghala meusi, vibanda vidogo vilivyopangwa kama vya soko.

"Mama, polepole," binti alinong'ona nyuma yake.

"Ukinipumulia shingoni tena, nakufukuza."

Akapaka dawa ya kulehemu, akapuliza moto kwa kuzunguka, taratibu, hadi risasi iliyozigandisha kwenye bodi ikang'aa na zile chipu za zamani zikaachia. Akasafisha mahali zilipokuwa zimekaa. Akaziweka mpya, kila moja na kinukta chake pembeni, kinachoonyesha ilale upande gani. Risasi ilipoyeyuka tena, chipu zikajisogeza zenyewe kidogo, kama mtu anayejiweka sawa kitandani, zikatulia.

Bodi ilipopoa, akabonyeza kitufe cha kuwasha. Taa ikawaka! Kipara akapiga makofi. Skrini ikaja, ikaandika: giga nne.

Makofi yakakoma.

"Mwiko ni mwiko," Kipara aliguna.

"Si kitu, Mama," binti akasema. "Kesho nitawaeleza kwa mdomo tu."

Hilo ndilo lililomchoma. Mama Kibano akainyakua bunduki ya moto azing'oe chipu upya, na mkono, mkono ule unaoweza kushika punje ya mchanga, ukawa unacheza.

"Dada, weka chini," Kipara alisema, safari hii bila utani. "Utaiua. Huyu leo umemfanya mwana, ndiyo maana. Mfanye mteja. Wewe mwanangu, toka nje, funga mlango, urudi kama mteja."

"Kipara, huu si wakati wa michezo."

Lakini binti alikwisha toka. Mlango ukagongwa.

"Hodi mafundi!"

"Karibu, mteja! Sema shida yako," Kipara akaitika.

"Nimeongezewa memori, lakini mashine inadai ni ileile ya zamani."

"Nani kakuongezea?" Mama Kibano aliuliza. Mdomo ulijifungukia wenyewe, kwa mazoea.

"Kuna mama mmoja hivi, mjuzi sana. Ila mkali!"

Hata Mama Kibano akacheka. "Na huyo mama mkali, alipobadili chipu, alihamisha riz..."

Akajipiga paji la uso.

Rizista! Ni punje ndogo kuliko ufuta, ambayo kazi yake ni kuiambia bodi ina memori kiasi gani. Usipoihamisha kutoka kiti chake hadi kiti cha jirani, bodi itaendelea kujihesabu maskini hata ukiijaza mali. Kwenye mashine ya mgeni yeyote hakuwahi kuisahau.

"Mteja, kaa hapo," akasema. "Hii ni kazi ndogo."

Mkono ulikuwa umetulia kama jiwe. Akainyanyua ile punje, akaivusha, akaigusisha moto, akaiachia. Akabonyeza.

Giga kumi na sita.

Binti aliruka mpaka kiti kikaanguka. Akaufungua mchoro, na zahanati ikazunguka laini kama pia: ukumbi, wodi, chumba cha wazazi chenye dirisha pana.

"Dirisha lote hilo la nini?" mama yake akauliza.

"Mkunga aone vizuri anachofanya. Kazi ya mikono inataka mwanga, si ulinifundisha wewe?"

Mama Kibano akalisogelea lile dirisha kwenye skrini. Kelele za Kipara zilikwisha waita mafundi wa vyumba vingine, wakajazana mlangoni, mfagiaji na fagio lake mbele. Yeye akasimama nyuma ya kiti, mikono kifuani, kidevu juu, akimsubiri atakayeuliza mashine ni ya nani. Wote waliduwaa kutazama zahanati, hakuna aliyeuliza. Basi akawaambia mwenyewe:

"Ya mwanangu hiyo. Na memori nimeweka mimi."